Mageti ya tiketi: mwendokasi yalitushinda, treni ya mjini yatawezekana?

#1 Abiria wa Alfajiri

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni mtu wa treni ya mjini hapa Dar, hizi tulizozizoea kwa jina la treni ya Mwakyembe tangu 2012. Napanda ya reli ipi nisiseme, sina ugomvi na mtu. Kuna jambo linanikera kila nikishuka.

Treni ikisimama, sisi wenye tiketi tunajipanga kwenye uwazi mwembamba wa kutokea, mkaguzi anapokea karatasi moja moja. Upande wa pili wa behewa vijana wanaruka chini, wanavuka mataruma na kupotelea mitaani. Yaani aliyelipa ndiye anayechelewa kazini, asiyelipa yuko kwenye bajaji tayari.

Hoja yangu: tuweke mageti ya kujifungua yenyewe. Unagusisha kadi au unaonyesha tiketi, geti linafunguka, unapita. London wanayo, Japani wanayo, sisi tunashindwa nini?

Ila kuna kitu kinanirudisha nyuma. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 tulikuwa na mageti, yale ya mikono mitatu ya chuma. Tiketi ilikuwa inaskaniwa pale, unasukuma, unaingia. Baadaye akasimama mtu pembeni anazichana kwa mkono, na geti likabaki pambo. Nani anajua kwa nini yalikufa? Na tukiyaleta kwenye treni, yatapona?

#2 Mla Bata Mstaarabu

Naweka mkeka hapa nasubiri wajuzi. Kahawa nimeshaagiza.

#3 Konda Mstaafu

Mkuu, hilo swali unaliuliza mbele ya mtu sahihi. Nimepiga ukonda Mwenge–Posta enzi za vipanya, na nakwambia bila kumung'unya: geti halikufa, liliuliwa.

Popote pesa taslimu inapopita mkononi mwa mtu, kuna hesabu mbili. Kuna ya bosi na kuna ya konda. Geti linajua hesabu moja tu. Sasa wewe unadhani wenye hesabu ya pili watalipaka mafuta hilo geti? Litawekewa kipande cha kijiti, litamwagiwa soda, kesho utaambiwa mfumo uko chini.

Simtaji mtu, wala sisemi ni kampuni fulani. Nasema tabia ya pesa ninavyoijua.

#4 Fundi Swichi

Konda, umeanza vizuri ukamalizia kwa uchawi.

Mimi nafunga mageti ya namna hiyo kwenye majengo ya ofisi. Yale ya mikono mitatu ni mashine ya bei nafuu. Ndani kuna gurudumu la meno, vibanio viwili vya umeme na springi ya kurudishia mkono. Kwenye ofisi ya watu mia tatu linadumu miaka. Liweke mahali ambapo watu wanapita kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku, vumbi, chumvi ya bahari, na kila mtu anasukuma kwa paja kabla taa haijawa ya kijani, springi inachoka mapema. Kama springi haipo stoo, geti linafungwa kamba.

Halafu kuna tiketi yenyewe. Karatasi ile ni ya aina ya risiti, inaandikwa kwa joto. Ishike mkononi kwenye jasho la Dar, ikunje mara mbili, uiweke kwenye sidiria au mfukoni na funguo. Ukifika getini kisomaji kinaona doa. Mtu nyuma yako anaguna, wa tatu anatukana, mhudumu anasema "pita tu". Akishasema hivyo kutwa nzima, geti limekwisha kazi bila kijiti cha mtu yeyote.

#5 binti_chumbageni

Fundi, hiyo ya sidiria umetulenga 😂

Mimi naona wote mnazunguka. Tatizo lilikuwa kadi. Geti bila kadi ni mlango tu wa kuonyeshea karatasi. Kadi unainunua, unaiwekea salio, unaikumbuka nyumbani. Mtu anayeingia mjini mara moja kwa wiki kuja Kariakoo kuchukua mzigo anaona kadi ya nini? Anataka atoe noti, apewe tiketi, apande. Na mjini hapa watu wa namna hiyo ni wengi kuliko sisi wa kila siku.

#6 Mswahili wa Croydon

Habari wakuu. Niko London miaka mingi, napita mageti asubuhi na jioni. Niweke mambo mawili sawa kwa mleta uzi.

Kwanza, hawa hawakuamka siku moja wakawa nayo. Jaribio la kwanza la geti la kujiendesha kwenye reli ya chini ya ardhi lilikuwa Stamford Brook mwaka 1964. Yalitapakaa katikati ya jiji mwishoni mwa miaka ya 1980. Kadi ya Oyster ikaja 2003, na kugusisha kadi ya benki moja kwa moja kwenye treni za chini ya ardhi kukaja 2014. Hesabu mwenyewe, ni nusu karne ya kurekebisha.

Pili, na hili watu wa nyumbani huwa hawaliamini: geti haliondoi mtu. Kwenye kila safu ya mageti kuna moja pana, la viti vya magurudumu, mabegi na vigari vya watoto, na kuna mfanyakazi amesimama hapo. Mfanyakazi asipokuwepo, mageti yote yanaachwa wazi. Usiku ukichelewa kurudi unakuta yamefunguka yote, unapita huku unajiuliza kwa nini umelipa.

Na kuna reli nzima hapa hapa London, DLR, ambayo stesheni zake nyingi hazina geti hata moja. Unagusisha kadi kwenye nguzo, unapanda.

#7 Mla Bata Mstaarabu

Nguzo! Ukiiweka Tandika hiyo nguzo asubuhi haipo, imeenda kwenye vyuma chakavu.

#8 Mtu wa Spree

Niongezee la Croydon. Berlin hakuna geti kabisa. Treni ya chini, ya juu, tramu, basi, kote unaingia hivyo hivyo. Tiketi unaigonga muhuri kwenye kimashine, au unayo ya mwezi. Wakaguzi wanapanda wamevaa nguo za kiraia, jinzi na koti la mvua, utadhani abiria mwenzako. Mlango ukijifunga tu anatoa kitambulisho. Huna tiketi, ni euro 60. Hakuna kubembeleza, hakuna "nimesahau bosi".

Ni hesabu ya kawaida. Kama tiketi moja ni kama euro nne na faini ni 60, wakikukamata mara moja katika safari kumi na nne umekula hasara. Huhitaji geti, unahitaji mkaguzi anayetokea bila ratiba.

#9 Konda Mstaafu

Mtu wa Spree amesema: "Huna tiketi, ni euro 60."

Mkuu, leta huyo mkaguzi wa koti la mvua hapa Buguruni. Faini ni elfu hamsini, tuseme. Anamkuta kijana hana tiketi. Kijana ana elfu mbili. Unadhani serikali itapata ngapi kwenye hiyo elfu mbili?

#10 Mtu wa Spree

😂😂 Nimekuelewa.

#11 Osaka Kwetu

Mleta uzi umetaja Japani, na kuna mdau kwenye uzi mwingine alisema wao walianza na kadi ya Suica 2001. Suica ndiyo ilianza 2001, lakini mageti ni ya zamani mno. Stesheni ya Kitasenri, pembeni ya jiji la Osaka, ilikuwa nayo 1967, yanasoma tiketi yenyewe. Wakati huo sisi ndio kwanza tuna Azimio la Arusha.

Kilichonishangaza nilipofika huku ni kwamba mageti mengi hayakai yamefungwa. Yanakaa wazi. Unatembea bila kupunguza mwendo, unagusisha, unaendelea. Kile kibao kinajifunga pale tu tiketi ikiwa mbovu au salio limekwisha. Geti la kwetu linakuchukulia mwizi mpaka uthibitishe, la huku linakuchukulia mteja mpaka ukosee. Na kisomaji kinamaliza kusoma kadi ndani ya sehemu ya tano ya sekunde tu.

#12 Fundi Swichi

Asante Osaka, hapo ndipo penye moyo wa jambo. Wakuu tuache siasa tupige hesabu.

Wapangaji wa stesheni za London hukadiria watu 25 kwa dakika kwa kila geti. La Kijapani linalokaa wazi hukadiriwa mpaka 60. Sasa chukua treni yetu ya asubuhi, tuseme imebeba watu 1,200 na wote wanashukia mwisho wa reli, maana asubuhi ndivyo ilivyo. Weka mageti sita.

Kwa kasi ya London: 150 kwa dakika, dakika nane mpaka wa mwisho atoke. Kwa kasi ya Japani: 360 kwa dakika, dakika tatu na kitu. Kwa lile la mikono mitatu, na karatasi yenye jasho, sitaki hata kusema.

Ukitaka dakika nne kwa kasi ya London unahitaji mageti kumi na mawili. Uyaweke wapi? Kajionee ule uwazi wa kutokea una upana gani.

Kwa hiyo, Abiria wa Alfajiri, foleni yako haitaondoka. Itahamia kwenye geti, na sasa itakuwa na sauti ya "tiiit" ya kukataa tiketi.

#13 Abiria wa Alfajiri

Fundi, nakubali hesabu yako lakini umesahau kitu. Mkaguzi mmoja kwa sasa anapokea tiketi ngapi kwa dakika? Hazifiki 25, maana wengine anawauliza, wengine anawajua anawasalimia. Ukilinganisha na hapo, geti bado limeshinda.

#14 Mwana wa Changamwe

Hamjambo ndugu zetu wa bara. Nawasoma kutoka Mombasa.

Sisi hapa tulijaribu kadi kwenye matatu. Mwaka 2013 kulikuja BebaPay, kadi ya Google na benki ya Equity, watu wakapewa bure, wanawake kwa wanaume wakazitia mikobani. 2014 serikali ikasema matatu zote ziwe bila pesa taslimu. Unajua kilichotokea? Hakuna. Makanga walikataa, wenye magari wakakataa, tarehe ikasogezwa, na BebaPay yenyewe ikafungwa 2015. Kadi yangu mpaka leo naitumia kukwangua barafu ya friji.

Lakini SGR ya kwenda Nairobi, tangu ianze 2017, mambo ni mengine. Tiketi unalipa kwa simu, ina jina lako na nambari ya kiti, na huingii bila kitambulisho. Mizigo inanuswa na mbwa kwanza. Kwa hiyo pale geti liwepo lisiwepo, huingii bure. Tofauti ni kwamba ile ni safari ya masaa na kiti ni chako. Treni ya mjini watu wamesimama, nani atakagua vitambulisho vya watu elfu?

#15 Kipanga wa Morogoro

Mwana wa Changamwe kasema kweli. Hata SGR yetu ni hivyo hivyo. Tiketi ina jina na kiti, Dar–Morogoro ilipoanza Juni 2024 kwa 13,000 watu walizoea haraka. Ile usiichanganye na treni ya mjini, ni mnyama mwingine.

Ila geti la KUTOKEA lingefaa hata kule. Mtu anakata tiketi ya kituo cha karibu halafu anapitiliza. Getini akifika Dodoma tiketi ya Morogoro inagoma. Geti la kuingilia peke yake halijui umeshukia wapi.

#16 Mkazi wa Nyabugogo

Muraho! Samahani kwa Kiswahili changu cha Kigali.

Nasoma watu wanasema Afrika haiwezi. Sisi Kigali tumekuwa na kadi ya Tap&Go kwenye mabasi tangu mwisho wa 2015. Bibi wa sokoni anayo, mwanafunzi anayo. Unagusisha mlangoni, unakaa. Ukienda na noti dereva anakuangalia tu. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu noti ilikatazwa. Hawakusema "kadi au noti".

#17 Konda Mstaafu

Kigali hata ukitema mate barabarani unaona aibu mpaka jioni. Msitulinganishe.

#18 binti_chumbageni

Konda acha. Hoja ya Nyabugogo ni nzito kuliko utani wako. Ukiacha dirisha la karatasi wazi pembeni ya geti, watu wote watapita dirishani. Lakini ukifunga dirisha kabla kadi hazijamfikia kila mtu, unamwacha mama wa watu nje na kapu lake. Ndiyo maana nasema kadi kwanza, geti baadaye. Na pale Kigali si geti, ni mlango wa basi na dereva anakutazama usoni.

#19 Mama Wawili

Naona wanaume mnapiga hesabu za watu wanaotembea mikono mitupu.

Mimi natoka Feri alfajiri na ndoo mbili za samaki, moja kichwani moja mkononi. Mtoto mgongoni akiwa hajaenda kwa bibi yake. Lile geti la mikono mitatu nilikuwa napita hivi: ndoo ya mkononi naipitisha chini, naisukuma kwa mguu. Kisha natafuta tiketi, ambayo iko kwenye fundo la khanga. Nalifungua kwa meno. Naweka tiketi, taa inawaka, nasukuma kwa nyonga, mkono wa chuma unamgonga mtoto mguuni. Nageuka kuchukua ndoo, kuna mtu ameshapita juu yake, maji ya samaki yamemrukia, ananitukana.

Mkaguzi ananiona tu ananiambia "mama pita". Mnataka kumwondoa huyo?

#20 Mla Bata Mstaarabu

Mama Wawili shikamoo. Uzi umefungwa kwa upande wangu.

#21 Mbao za Vancouver

Usifungwe bado. Mama kagusa kitu kilichotokea huku Kanada.

SkyTrain ya Vancouver ilianza Desemba 1985 bila geti lolote, na ikakaa hivyo miaka thelathini. Wakasema wanapoteza nauli, wakajenga mageti stesheni zote, yakafungwa rasmi Aprili 2016. Wiki za mwanzo likaibuka swali ambalo watu wenye ulemavu walikuwa wameshalipigia kelele: mtu asiyeweza kuinua mkono atagusishaje kadi? Kwa miaka thelathini alikuwa anaingia mwenyewe na kiti chake cha umeme, leo anasubiri mtu wa kumfungulia. Ikabidi geti moja liachwe wazi, na baadaye wakafunga vihisi vinavyotambua kadi ikiwa kwenye kiti bila kuguswa.

Mpaka leo watu wa huku wanabishana kama nauli iliyookolewa imeshalipa gharama ya mageti. Nimesikia hoja za pande zote na kila upande una meza yake ya namba.

#22 Kaka wa Bronx

Na msidhani geti linazuia. New York mageti yapo stesheni zote, vyuma vizito. Mamlaka ya usafiri yenyewe ilisema mwaka 2022 ilipoteza dola milioni 690 kwa wasiolipa, ukijumlisha mabasi, treni, madaraja na reli za pembezoni. Mabasi ndiyo yaliongoza.

Njia kubwa kwenye treni si kuruka. Ni mlango wa dharura. Sheria inataka uwepo mlango unaofunguka kwa kusukuma kutoka ndani. Mmoja mwenye kigari cha mtoto anatoka kwa mlango huo, na walioko nje wanaushikilia usifunge, wanaingia mmoja mmoja kwa adabu kabisa, wanashukuru. "Thank you, thank you." Hakuna anayegeuka.

#23 Ustaadh wa Magogoni

Assalaam aleikum. Mbona mnakwenda mpaka New York wakati geti lipo Kivukoni?

Kigamboni tunavuka kwa kadi ya N-Card, nauli 200. Geti lipo, kadi ipo, na linafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu baharini huwezi kuruka upande wa pili wa behewa. Maji ndiyo uzio. Hiyo ndiyo siri yote, wala si Ujapani.

Ila nimeona kijana amesimama pale na kadi yake, anamgusishia kila asiye na kadi, anapokea sarafu, na juu kidogo. Ukonda haujafa, umebadili sare tu.

#24 Konda Mstaafu

Huyo kijana ni mwanangu wa kiroho 🙏

#25 Jangwani Damu

Hata kwa Mkapa tunaingia kwa N-Card. Siku ya watani mageti yanafanya kazi vizuri sana, hasa kwa sisi Wananchi maana tunafika mapema. Wale wengine wanakuja dakika ya themanini kuangalia walivyofungwa.

#26 Mnyama wa Msimbazi

Huyu nae. Uzi ni wa treni, wewe unaleta maumivu yako ya utotoni.

#27 Fundi Swichi

Jamani rudini kwenye reli.

Ustaadh amesema: "Maji ndiyo uzio."

Hili ni kubwa kuliko hesabu yangu ya pale juu. Reli ya mjini inapita Karakata, Vingunguti, Buguruni, Tabata, na sehemu kubwa haina uzio. Watu wanaanika nguo pembeni ya reli, wanauza mihogo, watoto wanavuka kwenda shule. Kuweka geti stesheni ya mwisho bila uzio ni kufunga mlango kwenye nyumba isiyo na ukuta. Na ukiweka uzio, unakata mtaa katikati. Madaraja ya waenda kwa miguu yatahitajika mangapi? Mageti ndiyo yatakuwa gharama ndogo kuliko zote kwenye mkataba huo.

Kingine ni umeme. Yale ya mikono mitatu ya kisasa yanaangusha mkono wenyewe umeme ukikatika, njia inabaki wazi. Ndivyo inavyotakiwa. Kuna aina za bei ya chini zinabaki zimefungwa. Ukifikiria moto kama ule wa King's Cross, Novemba 1987, watu 31 walikufa chini ya ardhi London, hutaki kusimama mbele ya geti linalosubiri jenereta.

#28 Abiria wa Alfajiri

Fundi, sasa hapo umegeuza hoja. Umeme ukikatika mageti yanafunguka. Dar umeme unavyokatika, si watu watajua saa ya kupanda bure?

#29 Fundi Swichi

Betri, mkuu. Geti linakula umeme kidogo. Shida ni kwamba betri nayo inataka kubadilishwa kila baada ya muda, na tunarudi palepale kwenye stoo isiyo na springi.

#30 Mzee wa Kamata

Nawasalimu wanangu. Nilikuwa reli tangu East African Railways, kabla haijavunjika 1977.

Geti si jipya hapa. Stesheni ya Dar ilikuwa na geti la mbao na mtu mmoja mwenye kofia. Tiketi ilikuwa kadibodi nene, ndogo, inaingia kiganjani, na ina namba. Mtu wa getini alikuwa na koleo la kutobolea, anakata kitundu pembeni. Ukitoka mwisho wa safari, tiketi inabaki kwa mtu wa stesheni. Usiku zinapangwa kwa namba na kulinganishwa na zilizouzwa. Namba ikikosekana, stesheni masta anaulizwa kwa barua.

Hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na mtu anayejua kuwa kesho ataulizwa. Hilo ndilo naliona limepotea, mengine ni vyuma.

#31 Mswahili wa Croydon

Shikamoo mzee. Lakini niseme kidogo: hilo hilo la kuulizwa ndilo linalofanywa na mageti huku. Wengi wanadhani kazi ya geti ni kumzuia mwizi. Kazi yake kubwa ni kuhesabu. Wanajua saa mbili na robo asubuhi waliingia wangapi stesheni fulani na wakatokea wapi. Kutokana na hapo wanapanga treni, wanagawana mapato kati ya makampuni, na wanakuwekea kikomo cha nauli ya siku: ukishafika, safari zinazobaki ni bure. Bila kugusa unapoingia na unapotoka, hayo yote hayawezekani. Kwa hiyo hata kama geti halikamati mtu hata mmoja, bado lina kazi.

#32 Mtu wa Spree

Kuhesabu hakuhitaji geti, Croydon. Behewa za huku nyingi zina kihisi juu ya mlango kinachohesabu wanaopanda na kushuka. Geti la nini?

#33 Mzee wa Kamata

Marahaba. Ila kihisi kinahesabu vichwa, hakihesabu shilingi.

#34 binti_chumbageni

Mzee 🔥

Lakini mzee, tiketi ile ya kadibodi ilikuwa ya treni za abiria wangapi kwa siku? Ya mjini ina watu wa kupanda asubuhi na jioni, wanapanda wakikimbia. Nani atapanga karatasi elfu kadhaa kila usiku?

#35 Mzee wa Kamata

Kijana mmoja mwenye mshahara unaofika kwa wakati.

#36 Mwana wa Changamwe

Huyu mzee mkimwachia atamaliza uzi peke yake.

#37 Abiria wa Alfajiri

Nashukuru wote. Mpaka sasa nimeambiwa mageti ya mwendokasi yaliuliwa na makonda, na springi, na karatasi ya jasho, na ukosefu wa kadi, na dirisha lililoachwa wazi. Kila mmoja ana uhakika. Mimi bado nasimama pale pale: wekeni majaribio stesheni moja tu, ile ya mwisho mjini, mageti mapana manne yanayokaa wazi mtindo wa Osaka, na moja pana zaidi la Mama Wawili na ndoo zake, lenye mtu. Uzio wa kuzunguka stesheni hiyo moja tu, si mji mzima.

#38 Fundi Swichi

Manne mara 60 ni 240 kwa dakika. Watu 1,200, dakika tano. Si mbaya. Ila wote watashukia kituo cha kabla yake, ambacho hakina uzio, watembee.

#39 Mama Wawili

Mimi sitatembea. Ndoo ni nzito. Swali langu ni huyo mtu wa geti pana, ufunguo atakuwa nao nani?

#40 Konda Mstaafu

Mama, hiyo kazi naiomba. Wasifu nitume wapi?

#41 Mzee wa Kamata

Uje na koleo lako mwenyewe. Na uje kesho saa kumi na moja, usichelewe.